Vazi la Mama Aliyetolewa Titi: Mafunzo Kutoka Nchi Jirani

Katika nchi jirani za Rwanda na Kenya wamo akina mama ambao hukaa pamoja na mabonge ya uzi wa pamba na sindano za kufumia, wakifuma kitu ambacho mpita njia akikitazama kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni kofia ya mtoto mchanga. Sicho. Ni titi bandia, na atakayelivaa ni mama mwenzao aliyetolewa titi hospitalini kwa sababu ya saratani. Wengi wa wafumaji hao wamepita wenyewe katika upasuaji huo, na hiyo ndiyo sababu mikono yao inajua kitu hicho kiwe na ukubwa gani, kiwe laini kiasi gani, na kikae wapi.

Ndugu msikilizaji, jambo hili kwa desturi halizungumzwi hadharani. Linanong'onwa baina ya dada na dada, au halisemwi kabisa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani limetoa hesabu kwamba katika mwaka 2022 wanawake wapatao 2,300,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti ulimwenguni, na wapatao 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Nchini Kenya ndiyo saratani inayoongoza kwa wagonjwa wapya. Ugonjwa wa kiasi hicho hauwezi kuwa siri ya nyumba moja. Habari za kupima, kukata, mionzi na dawa hutangazwa mara kwa mara, na ni vyema ziendelee kutangazwa. Lakini kuna swali dogo ambalo mama hukutana nalo asubuhi ya siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani, na ambalo mara nyingi hakuna mtu aliyemwandaa kwalo: avae nini?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mapambo, na kwamba mtu aliyeponea chupuchupu hana haja ya kufikiri habari za nguo. Rai hiyo haina msingi. Madaktari na watafiti waliofanya kazi katika Afrika Mashariki wameeleza kwamba miongoni mwa sababu zinazowafanya wanawake wachelewe kwenda hospitali, au wakimbie baada ya kuambiwa watapasuliwa, ni hofu ya kupoteza titi na kuonekana hivyo mbele ya mume, wakwe na majirani. Mwanamke huyo humwendea mganga wa mitishamba, huomba siku baada ya siku, na anaporudi ugonjwa umekwisha kuenea. Kwa hiyo mama anayejua tangu mapema kwamba baada ya kisu atavaa gauni lake na kwenda sokoni bila kukodolewa macho, amepunguziwa sababu moja ya kukimbia tiba. Hapo ndipo nguo inapogeuka kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Lakini kwa nini hapa kwetu titi lote hutolewa mara nyingi, wakati katika nchi tajiri wanawake wengi hutolewa uvimbe peke yake na titi likabaki? Tangu mwaka 1985, daktari Bernard Fisher na wenzake wa Marekani walipotangaza matokeo ya utafiti wao, imejulikana kwamba mwenye uvimbe mdogo anaweza kutolewa uvimbe huo tu, kisha akachomwa mionzi, na maisha yake yakawa marefu sawasawa na ya yule aliyetolewa titi zima. Masharti ni mawili: uvimbe ugunduliwe ungali mdogo, na mashine ya mionzi iwepo. Katika nchi zetu masharti hayo yote mawili yamekuwa magumu. Wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Na juu ya mashine, kisa cha Uganda kinatosha. Mwaka 1996 haujafika, hospitali ya Mulago mjini Kampala ilikuwa imekwisha kufungiwa mtambo wa mionzi, nao ukabaki peke yake nchini. Ulipoharibika mwaka 2016 kiasi cha kutofaa kutengenezwa tena, Uganda nzima ikakosa huduma hiyo, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi, mpaka mtambo mpya ulipozinduliwa Januari 2018. Rwanda nayo, ambayo ilifungua kituo cha saratani cha Butaro katika wilaya ya Burera mwaka 2012, ililazimika kuwapeleka nje wagonjwa waliohitaji mionzi mpaka huduma hiyo ilipoanza katika hospitali ya jeshi huko Kanombe mwaka 2019. Daktari mwenye busara hawezi kumwachia mgonjwa titi lililokuwa na saratani ikiwa hana hakika ya mionzi. Hulitoa lote.

Baada ya upasuaji kifua cha upande mmoja hubaki bapa, na kovu hupita kwa mshazari au kwa ulalo kutoka karibu na katikati ya kifua mpaka chini ya kwapa. Mara nyingi tezi za kwapani nazo hutolewa. Mgonjwa huwekewa mpira mwembamba mmoja au miwili inayopitisha majimaji kutoka ndani ya jeraha na kuyaingiza katika chupa ndogo, na huenda akakaa na mipira hiyo kwa wiki moja au mbili, mara nyingine akirudi nayo nyumbani. Mkono wa upande huo haupandi juu ya bega kwa urahisi. Ngozi ya kwapa na ya sehemu ya nyuma ya mkono hufa ganzi, au hupata hisia ya kuwashwa ambayo kuikuna hakuiondoi.

Ukiyafahamu hayo, nguo ya wiki za kwanza inajichagua yenyewe. Iwe ya kufunguka mbele toka juu mpaka chini, iwe pana, na iwe ya pamba. Shati la mume lenye vifungo ni vazi jema kupita magauni mengi ya dukani. Dera la pwani ni pana na lina hewa, lakini huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na mkono usiopanda hauwezi kazi hiyo; mwenye dera lenye shingo kubwa na aingie kwa miguu, alivute kwenda juu, au fundi amchanie mbele na kumtilia vifungo. Gomesi la Uganda, pamoja na heshima yake yote, lina nguo nzito, mabega ya kusimama na kitambaa cha kufunga nyonga. Lingoje mpaka jeraha limepona, ijapokuwa baadaye litamfaa sana mama huyo, kwa kuwa ni vazi lisilobana kifua. Mshanana wa Rwanda una faida yake ya asili, kwa maana shuka lake hupita juu ya bega moja na kuteremka mbele ya kifua kwa mikunjo. Mama akiweza kulipitisha upande uliopasuliwa, mikunjo hiyo hufanya kazi ya kuziba ambayo fundi wa Ulaya huitafutia mbinu nyingi.

Khanga ndiyo inayohitaji kuangaliwa zaidi, kwa sababu kila mwanamke anayo, na hakuna anayeifikiria. Desturi ni kuifunga juu ya matiti na kuchomeka ncha yake kwapani. Fundo hilo hukaa juu ya kovu hasa, au hubana pale pale tezi zilipotolewa. Kwa muda wa uponyaji ni afadhali ncha mbili zipitishwe nyuma ya shingo na kufungwa huko, kama wafanyavyo wasichana wadogo. Vilevile kumbeba mtoto mgongoni kwa khanga inayokaza kifuani hakufai mpaka daktari amekubali. Kuhusu ile mipira ya majimaji, kitu rahisi ni mfuko mdogo wa kitambaa, kama mfuko wa fedha wa mama muuza samaki, unaofungwa kiunoni kwa utepe. Chupa huingia humo na mpira hauvutwi. Mshono wa kitu hicho hauchukui robo saa katika cherehani, nacho humwondolea mgonjwa maumivu ya kila anapoinuka kitandani.

Mkono wa upande uliopasuliwa una hadhari yake. Tezi za kwapani zikiisha kutolewa, majimaji ya mwili hukosa baadhi ya njia zake za kurudia, na kwa baadhi ya akina mama mkono huvimba, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka. Dalili za kwanza huonekana katika mavazi kabla hazijaonekana machoni: pete inakataa kutoka, mkono wa blauzi ambao jana ulikuwa sawa leo unaacha alama, bangili imekaza. Mama akiona hayo na aende hospitali mapema. Mikono ya nguo zake iwe mipana, bila mpira wa kukaza kwenye kiwiko au juu yake. Hii haina maana kwamba mkono ulazwe bila kazi, la hasha; mkono usiotumiwa hukakamaa. Utumiwe kidogo kidogo kwa mazoezi aliyopewa, lakini ndoo ya maji na mzigo wa kuni ziachiwe watu wengine wa nyumba kwa muda huo. Ni dhahiri kwamba shauri hili ni rahisi kutolewa redioni kuliko kufuatwa katika kijiji ambako mama ndiye mchota maji peke yake, na hapo wajibu ni wa mume na watoto.

Sasa tufike kwenye titi bandia lenyewe. Historia yake ni ndefu, na wanawake walijitengenezea kwa matambara na pamba kabla kiwanda chochote hakijafikiri kufanya hivyo. Nchini Marekani, mama aitwaye Terese Lasser, baada ya kupasuliwa na kuona kwamba hakuna aliyemweleza kitu, alianzisha mwaka 1952 mpango wa wagonjwa waliopona kuwatembelea wagonjwa wapya hospitalini, wakiwapa mazoezi ya mkono na titi bandia la muda. Ruth Handler, yule aliyebuni mwanasesere Barbie mwaka 1959, alitolewa titi mwaka 1970, akaudhika kwa vitu alivyouziwa madukani. Alitambua jambo ambalo watengenezaji wanaume hawakuwa wamelijali: kwamba matiti, kama viatu, yana la kulia na la kushoto. Akaunda kampuni ya kuyatengeneza hivyo. Katika miaka hiyo hiyo ya sabini matiti ya silikoni yakaanza kuenea Ulaya na Marekani.

Titi la silikoni lina uzito unaokaribiana na wa titi halisi, na hutikisika nalo. Faida ya uzito si sura tu. Mwanamke mwenye titi kubwa lililobaki upande mmoja huona sidiria ikipanda upande mtupu, ukanda wa bega ukiteleza, na baadhi yao hulalamikia maumivu ya shingo na bega kwa sababu ya kujipinda bila kujua. Uzito wa upande wa pili husawazisha. Lakini silikoni haivaliwi mara moja. Kwa kawaida husubiriwa wiki sita mpaka nane baada ya upasuaji, na kama mionzi imetumika husubiriwa mpaka ngozi iliyoungua imepona. Tena katika hali ya hewa ya Mombasa au ya Dar es Salaam ina joto, jasho hukusanyika nyuma yake, na ngozi huchubuka ikiwa haikuoshwa na kukaushwa kila jioni. Ikichomwa na pini au ukucha wa paka huvuja, na hapo imekwisha. Hata ikitunzwa vizuri hudumu miaka michache tu. Na lipo jambo la rangi: matiti mengi yanayoletwa kama msaada ni ya rangi ya ngozi ya Mzungu, kwa kuwa huko ndiko yalikokusudiwa. Watengenezaji wa siku hizi wanayo ya rangi nyeusi pia, lakini katika makasha ya misaada hayo huonekana kwa nadra. Mama hulivaa ndani ya sidiria na hakuna anayeliona isipokuwa yeye. Hata hivyo yeye analiona kila siku.

Bei ndiyo mlango uliofungwa. Kwa habari zilizotangazwa mwaka 2025 kutoka Kenya, titi la silikoni huko huuzwa kwa zaidi ya shilingi 20,000 za nchi hiyo, na lile la kufumwa kwa uzi kwa takriban shilingi 1,500. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaweka akina mama katika kazi ya sindano.

Mfano wa titi la kufumwa ulienea baada ya Beryl Tsang wa Kanada kuuchapisha mwaka 2005, ili mfumaji yeyote aweze kuufuata. Mwaka 2011 Barbara Demorest wa Marekani, aliyekuwa amepasuliwa naye akaambiwa asivae titi la kiwandani kwa wiki kadhaa, aliyavaa ya uzi, akaanzisha chama cha kuyafuma na kuyatoa bure. Kutoka huko kazi hiyo ikafika Kigali, kwa njia ya chama cha Breast Cancer Initiative East Africa kilichoanzishwa na Philippa Kibugu-Decuir, mwanamke aliyepata kuugua saratani ya matiti na kutibiwa nchini Marekani. Akina mama wa Rwanda wakafundishwa kufuma, nao wakafundisha wengine. Katika Kenya mafundi cherehani waliopona saratani wameifanya kazi hiyo kuwa riziki na huduma kwa wakati mmoja.

Ufumaji wake si mgumu kwa mtu anayejua kofia au soksi. Huanzwa katikati, mahali pa chuchu, na kuongezwa mishono kwa duara mpaka upana unaotakiwa, kisha hufumwa upande wa nyuma ulio bapa, na kuachwa tundu lenye uzi wa kuvutia kama mdomo wa mfuko. Uzi uwe wa pamba laini. Sufu ya kondoo huwasha, na katika joto huwasha zaidi. Ndani hutiwa pamba ya mito ya kiwandani, kwa kuwa hiyo ikifuliwa hukauka upesi. Sufi ya mti, ambayo bibi zetu walijazia magodoro, ni nyepesi na laini kupita kiasi, lakini ikilowa hujikunja madonge. Anayeitumia na aitoe kabla ya kufua, jambo ambalo lile tundu la nyuma humruhusu kulifanya. Kosa lililo la kawaida ni kujaza mno. Titi lililoshindiliwa huwa kama mpira wa miguu. Lijazwe kidogo, livaliwe, mama ajitazame katika kioo akiwa na blauzi yake ya kila siku, kisha liongezwe au lipunguzwe mpaka pande mbili zimelingana.

Mama ajaribu pia kuinama. Huu ndio mtihani ambao vitabu vya Ulaya huutaja kwa sentensi moja, lakini ambao kwa mwanamke wa Afrika Mashariki ni maisha yake ya kutwa: anafagia kwa ufagio mfupi, anapalilia, anafua katika beseni, anasujudu katika sala. Titi jepesi lililowekwa tu ndani ya sidiria huanguka mbele, na wapo wanawake walioacha kwenda shamba la ushirika au kanisani kwa sababu limewahi kuwaanguka mbele za watu. Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza uzito kidogo. Wengine hutia mtama au maharage, nao hujuta, maana nafaka hubunguliwa na wadudu, na ikilowa jasho hutoa uvundo. Vijiwe laini vilivyooshwa, au shanga za kioo, zikishonewa ndani ya kifuko kidogo na kuwekwa upande wa chini, hufaa zaidi. Ya pili, ambayo ndiyo hasa, ni mfuko ndani ya sidiria.

Mfuko huo ni kipande cha kitambaa cha pamba, fulana kuukuu ikifaa kuliko chochote, kilichokatwa kwa umbo la kikombe cha sidiria na kushonewa kwa ndani pande zote isipokuwa upande wa kwapa. Titi huingizwa hapo na haliendi popote. Tena kitambaa hicho hukaa baina ya titi na kovu, kikinywa jasho. Asiye na fundi na atumie pini ya kufungia nepi kulishikiza titi la uzi kwenye sidiria kwa upande wa mbele, pini isielekee ngozi. La silikoni, kama ilivyokwisha kuelezwa, lisikaribiwe na pini.

Sidiria yenyewe iwe na mkanda mpana chini ya kifua, kanda za bega pana, vikombe vilivyofunika titi zima, na isiwe na waya. Mkanda ukae imara lakini uache nafasi ya vidole viwili. Katika miezi ya mwanzo ile ya kufunga mbele ni bora, kwa sababu ya mkono. Hayo yote ni rahisi kuyataja. Kuyapata ndiyo taabu. Katika nchi zetu wanawake wengi wamezoea kununua sidiria katika marobota ya mitumba, ambako nguo imara ya pamba hupatikana kwa bei ya chini, ingawa Tanzania, kwa mfano, imepiga marufuku nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa kwa sababu ya afya. Rwanda mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola mbili na nusu, kwa nia ya kukuza viwanda vyake vya nguo. Marekani ikalipiza mwaka 2018 kwa kuondoa nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda. Nia ya kuvaa nguo iliyoshonwa nyumbani ni nia njema na ya heshima. Ila mwenye kiwanda anayeshona sidiria kwa ajili ya vijana, yenye waya na lesi, hajamshonea mama huyu. Hapana budi viwanda vya nchi hizi vikumbushwe kwamba wanunuzi hawa wapo, ni wengi, na hawahitaji lesi.

Si kila mwanamke anataka titi bandia, na haifai kumlazimisha. Wapo wanaokaa bapa kwa hiari, hasa waliotolewa matiti yote mawili, nao huvaa fulana laini ya pamba chini ya gauni na kuendelea na shughuli zao. Nguo yenye mikunjo kifuani, mifuko miwili ya juu, au kitambaa chenye maua makubwa haionyeshi tofauti kama ionyeshavyo nguo ya rangi moja inayong'aa. Wengine huvaa titi wanapokwenda harusini na kulivua wanaporudi. Muuguzi amweleze mgonjwa njia zote, kisha anyamaze.

Uganda imeonyesha kwamba maelezo hayo hupokewa vyema zaidi yakitoka kwa mtu aliyepita njia hiyo. Huko wanawake waliopona walianzisha mwaka 2004 chama chao cha kusaidiana, kijulikanacho kwa kifupi kama UWOCASO, ambacho huwatia moyo wagonjwa na kuwapa elimu. Mwanamke aliyelala wodini akimwona mwenzake amesimama mbele yake, amevaa vizuri, na akaambiwa kwamba aliyesimama naye alitolewa titi miaka kadhaa nyuma, huuliza maswali ambayo hangemwuliza daktari. Huuliza kama mume alikaa. Huuliza kama inauma kulala kifudifudi. Na huomba kulishika lile titi la uzi.

Linabaki swali la nani alipe. Nchini Uingereza huduma ya afya ya taifa humpa mwanamke titi bandia bila malipo. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1998 huzilazimisha bima zinazolipia upasuaji huo zilipie pia titi bandia. Katika Afrika Mashariki mama wengi hulinunua kwa fedha yao au hulisubiri kutoka kwa chama cha hiari, na chama cha hiari hufuma kadiri uzi unavyopatikana. Katika jumuiya hii mguu wa bandia hutambuliwa na kila mtu kuwa ni kifaa cha tiba. Mtu aliyekatwa mguu hakuna anayemwambia kwamba anataka pambo. Wizara za afya za nchi zetu, zinapopanga orodha ya vitu ambavyo bima ya taifa itavilipia, zingeweza kuanza na kitu kisichozidi mabonge machache ya uzi, kipande cha fulana na saa chache za mfumaji, likakabidhiwa kwa mgonjwa pamoja na dawa zake siku anapotoka wodini. Mahali pa kulifuma hapahitaji mtambo. Chumba kimoja cha hospitali ya mkoa kinatosha, chenye meza, cherehani moja ya kushonea mifuko ya sidiria, na akina mama wawili waliokwisha kupona.